Jina asilolitamka mkaza mwana

Wapenzi wa riadha wa siku nyingi watamkumbuka Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh, aliyetwaa medali ya dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Kanada, mwaka 1978, na nyingine ya mita 10,000 huko Brisbane mwaka 1982. Leo naomba tuziache mbio zake, tulitazame jina lake.

Ukifika Hirbadaw, au kwingineko Hanang na Mbulu wanakoishi Watatoga, ambao Wabarbaig ni tawi lao, utakutana na akina Gida wengi. Gida si jina kamili. Ni kianzio kinachoonyesha kwamba mwenye jina ni mwanamume. La mwanamke huanza na Uda. Maana imo katika kinachofuata, ambacho mara nyingi hutokana na mambo yaliyokuwapo mtoto alipozaliwa. Jirani zetu Wakalenjin wa Kenya, ambao lugha zao zina undugu na Kitatoga, hufanya vivyo hivyo kwa Kip na Chep. Kipchoge ni mwanamume aliyezaliwa karibu na ghala la nafaka. Kwa hiyo sisi wa mjini tunapomwita rafiki yetu "Gida" kwa kifupi, tumetupa jina tukabakiza jinsia.

Lakini yupo asiyelitamka jina hilo hata kwa kifupi, naye ni mkaza mwana. Mwanamke wa Kitatoga akiolewa hataji jina la baba mkwe wake, wala la wakubwa wengine wa upande wa mume. Tena haishii hapo. Kwa kuwa jina limejengwa kwa neno la kawaida, neno hilo nalo huachwa, pamoja na mengine yanayofanana nalo kwa sauti. Tuseme kwa Kiswahili mkwe wako anaitwa Simba: si mnyama tu utakayemtafutia jina jingine, hata kusimama kutakutia mashaka! Maneno ya badala wanawake wanayo tayari, msamiati mzima wenye jina lake, giing'aweakshooda, na mke mgeni hujifunza kwa waliomtangulia. Mtafiti Alice Mitchell, aliyeuchambua mwaka 2015, aliiita makala yake "maneno yanayonuka baba mkwe". Wazulu na Waxhosa wa Afrika Kusini nao wana desturi ya namna hiyo, waiitayo hlonipha.

Sasa zifikirieni fomu zetu. Jina la mtoto, la baba, la babu. Hilo la tatu ndilo jina la baba mkwe wa mama aliyesimama dirishani na mtoto mgongoni. Karani asiyeijua desturi atarudia swali kwa sauti ya juu, akidhani mama hajui au hasikii Kiswahili, na mwisho ataandika lolote. Kosa hilo mtoto atalibeba toka cheti cha kuzaliwa hadi shuleni, na hadi kitambulisho cha taifa. Mimi sioni haja ya semina wala posho. Karani amuulize jirani aliyefuatana na mama huyo, au mtoto wake mkubwa, au apokee karatasi iliyoandikwa na mume nyumbani.