Pampu Inapovuta Hewa

Ndugu mkulima, leo tuzungumzie pampu. Ninyi mnaolima mboga Kilwa, kwenye mabonde ya Matandu na Mavuji, na ninyi wa huko Lindi, mnajua wenyewe: mvua zikishakatika mwezi wa tano, visima huanza kushuka, na ifikapo Oktoba maji yako mbali. Mtu huwasha pampu yake ya umeme wa jua asubuhi, akaenda zake kupalilia. Huku nyuma kisima kinakauka, pampu inazunguka kavu. Maji ndiyo yanayoipoza na kuilainisha. Yasipokuwapo, sili huungua na mota hufuata. Mchicha nao haungoji pampu mpya.

Kumbe pampu hutoa habari mapema, kwa umeme inaovuta. Pampu yenye panga linalozunguka, ikiwa na maji, hufanya kazi nzito na kuvuta mkondo mwingi. Ikivuta hewa, kazi huwa nyepesi na mkondo hushuka. Mchanga ukiikwamisha, mkondo hupanda ghafla.

Siku hizi kuna kibao cha kupimia mkondo, hakifikii kiberiti kwa ukubwa. Kidude kilicho juu yake huitwa ACS712. Umeme wa pampu hupita ndani yake, na popote umeme unapopita huzuka usumaku. Kidude huupima usumaku huo, kwa kanuni aliyoigundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879, kisha hupeleka jibu kwenye kikompyuta kidogo kama Arduino. Hicho nacho huizima pampu kwa rilei, yaani swichi inayovutwa na umeme.

Hesabu yake si ngumu. Kibao cha ampea 20, kikipewa volti 5, hutoa volti 2.5 pampu ikiwa imezimwa. Kila ampea huongeza volti 0.1. Tuseme pampu inavuta ampea 6: utasoma 3.1. Ikishuka hadi 2.8, ni ampea 3 tu, basi shuku maji. Ukiona namba inakwenda chini ya 2.5, umegeuza nyaya. Lakini usichukue namba zangu! Pima pampu yako kisima kikiwa kimejaa, uandike. Namba hurukaruka kidogo, kwa hiyo kikompyuta kisome mara mia kisha kitafute wastani.

Sasa angalia mtego. Kama pampu inakula moja kwa moja kwenye paneli bila betri, wingu likipita mkondo hushuka vilevile. Hapo pima na volti za paneli, la sivyo utazima pampu bure kila kukiwa na mawingu.

Katika kuunga, kata waya mmoja wa pampu na ukipitishe kibao katikati yake. Usikiunge baina ya chanya na hasi kama taa. Mimi niliwahi kufanya hivyo, kikatoa moshi pale pale. Na kama pampu yako ni ya volti 230, mwite fundi umeme, usijaribu mwenyewe.

Rilei ikishazima, kikompyuta kisubiri nusu saa kisima kijae, ndipo kijaribu tena. Vyote viweke kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, maana upepo wa chumvi wa pwani yetu hula skrubu upesi. Kila mwezi lifungue, ukaze skrubu na kusugua kutu.