Washika Rekodi wa Ruvuma: Kutoka Kitaya hadi Bandari ya Mtwara

Vitenzi vichache vya Kiswahili vina kazi nyingi kama kushika. Njia hushikwa, adabu hushikwa, mimba hushikwa, na mambo yakimzidi mtu hushika tama. Moto hushika, rangi hushika, mbegu nayo hushika. Mwenye pesa ana mshiko, rafiki yake ni mshikaji, na mtaa ukichafuka ni mshikemshike. Tumekichukua kitenzi hiki tukakipitisha kusini, kuanzia kijiji cha Kitaya kando ya Mto Ruvuma hadi Mtwara mjini, tuone kwa kila maana ni nani au ni nini kinachoshika rekodi. Sharti letu ni moja: kushika hakutoshi, tunaangalia pia kama kilichoshikwa kilikaa.

Kipande kidogo kilichoshikiwa bunduki

Mto Ruvuma una urefu wa takriban kilomita 800, na sehemu kubwa ya safari yake ndiyo mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Wajerumani na Wareno waliupa mto kazi hiyo mwaka 1886, ila mdomoni pake hawakuelewana. Mwaka 1894 Wajerumani waliishika Kionga, ardhi iliyo kusini mwa mlango wa mto. Wareno wakaikomboa Aprili 1916. Afrika Mashariki ya Kijerumani ilipogawanywa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilipata Tanganyika, Ubelgiji ikapata Ruanda na Urundi, na Ureno ikaachiwa Kionga basi. Hakuna aliyepata fungu dogo kuliko hilo.

Mpaka wenyewe umeshika kwenye ramani kuliko ardhini. Wamakonde wana ndugu ng'ambo zote mbili, na tangu 2010 Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720, linaziunganisha nchi hizi juu ya maji. Kitaya wanaujua pia upande mchungu wa jambo hilo: Oktoba 2020 wavamizi walivuka kutoka Msumbiji, wakaua watu na kuchoma nyumba. Kushika doria mpakani ni kazi ambayo watu wa hapo hawahitaji kuelezwa maana yake.

Walioshikana kwa uimara kuliko wote

Hapa hatukuona mshindani. Ni wale watu wa kinyago cha ujamaa, waliopandana mabegani na mgongoni, mmoja kamshika mwenzake mguu, mwingine kamkamata kiuno, mama na mtoto katikati, na wote wametoka kwenye gogo moja la mpingo. Kitazame kwa karibu utafute palipounganishwa: hakuna gundi, hakuna msumari. Mchongaji huanza kwa tezo, hukata lile gamba jeupe hadi afikie kiini cheusi, kisha huingia kwa patasi na tupa kutoboa nafasi kati ya mkono na bega, na humaliza kwa msasa. Patasi ikiteleza mahali pamoja, mkono wa mtu umekwenda, na hauna wa kuubandika. Mpingo wenyewe ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama.

Mtindo huu unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde kutoka Msumbiji, mwishoni mwa miaka ya 1950. Inasimuliwa kwamba kinyago chake cha kwanza cha namna hiyo kilimwonyesha bingwa wa mieleka akiwa amebebwa na wenzake, na chenyewe kiliitwa dimongo, yaani nguvu. Siasa ya Nyerere iliposhamiri, jina la ujamaa likakigandia. Vijiji vya Ujamaa vilivunjika. Kinyago bado kinachongwa, na wale watu hawajaachiana.

Mimba iliyoshikwa muda mrefu kuliko zote

Tembo hubeba mimba karibu miezi 22, lakini baharini yuko anayemzidi. Silikanti ni samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka pamoja na dinosaria, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Katika maji ya Tanzania alianza kuripotiwa 2003, na Tanga walivuliwa wengi kiasi kwamba mwaka 2009 alitengewa hifadhi yake ya bahari. Mwaka 2021 watafiti waliosoma alama za ukuaji kwenye magamba yake walikadiria kwamba huishi hadi karibu miaka 100 na hubeba mimba takriban miaka 5. Ni wanyama wachache sana wenye uti wa mgongo wanaodhaniwa kufikia muda huo. Uzito wa rekodi ndio huo huo wa hatari: mama mmoja akinaswa na jarife, pengo lake halizibiki upesi.

Moto uliochelewa kushika

Gesi ya Ghuba ya Mnazi, karibu na Msimbati, iligunduliwa na kampuni ya Agip mwaka 1982. Wakati huo haikuonekana kuwa na soko, kisima kikafungwa, na zaidi ya miaka 20 ikapita kabla gesi hiyo haijawasha taa hata za Mtwara. Kisha ukashika moto wa aina nyingine: mwaka 2013 watu wa Mtwara walipinga bomba la kuipeleka gesi Dar es Salaam kabla hawajaona faida yake nyumbani, na Mei mwaka huo vurugu zikaleta vifo na wanajeshi mitaani. Bomba lilikamilika 2015.

Kipimo kidogo kilichoshika wengi

Korosho ndiyo inayoshika uchumi wa kusini, na Mtwara ndio mkoa unaoongoza. Msimu wa 2017/18 taifa lilivuna zaidi ya tani 313,000, ikaitwa rekodi. Msimu wa 2024/25 zikavuka 528,000. Lakini rekodi yetu tunaitoa kwa chombo cha kupimia tu: kangomba. Mlanguzi huja wakati wa njaa, mikorosho ikiwa bado haijazaa, akampa mkulima pesa ya unga au ada ya mtoto, na mavuno yakija anakomba kwa kipimo chake na kwa bei aliyoipanga yeye. Kipimo kikawa jina la biashara nzima.

Dawa iliyoletwa msimu wa 2007/08 ni stakabadhi ghalani: mkulima anapima kwenye chama chake cha msingi, mzigo unakwenda ghala kuu, anashika karatasi badala ya fedha, na wanunuzi wanashindana kwenye mnada. Novemba 2018 bei zilipogomewa, Rais Magufuli aliagiza serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yaende kusomba. Hata hivyo mnada hauna la kumfanyia mwenye njaa ya Machi, na hapo ndipo kangomba inapopata mwanya.

Kushika kusiko na mkono

Hakuna kushika kunakotamkwa mara nyingi kila siku kama shikamoo. Asili yake, kwa maelezo yaliyozoeleka, ni kushika miguu ya mkubwa. Miguu haiguswi tena, lakini kijana wa Kitaya akimpita mzee bila kuitamka atauliziwa alikolelewa.

Waliokishika kiti cha Ligi Kuu

Kwenye jedwali la soka wa kwanza anashika usukani na wa mwisho anashika mkia. Ndanda FC ya Mtwara, Wanakuchele, walipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, wakaufanya Uwanja wa Nangwanda Sijaona kuwa safari ndefu kwa kila mgeni, na wakaishika nafasi yao misimu sita hadi kushuka 2020.

Mbegu ghali kuliko zote isiyoshika

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza iliamua kulima karanga Tanganyika kwenye mamilioni ya ekari, Nachingwea ikiwa mojawapo ya vituo. Udongo, ukame na haraka viliushinda mpango. Mwaka 1951 ulifutwa na hasara ya pauni milioni 36. Reli ya Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mpango huo, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kilichobaki ni bandari yenye kina kirefu iliyojengwa Mtwara ili kupakia karanga hizo. Sasa inapakia korosho. Kwa kutimiza sharti letu bila zao lililoizaa, tuzo ya jumla tunaipa bandari hiyo.