Kura ya 1961: Walowezi walivyopinga usawa, Ngala wa Kilifi akashika uongozi

Katika Malindi na Kilifi, jina la Ronald Ngala hutajwa zaidi kwa siasa za majimbo. Hutajwa kwa nadra kwamba njia yake ya kuongoza serikali mwaka 1961 ilisafishwa kwa kiasi fulani na mgawanyiko wa Wazungu wenyewe.

Mzozo ulianzia London mapema 1960, Uingereza ilipokubali katika mkutano wa Lancaster House kuwa Waafrika wawe wengi katika Baraza la Kutunga Sheria. Michael Blundell, kiongozi wa walowezi waliokubali siasa ya mataifa yote, aliporejea Nairobi alitupiwa miguuni vipande 30 vya fedha, kama Yuda. Ubaguzi katika umiliki wa mashamba ya nyanda za juu nao ulikuwa ukiondolewa, na hapo ndipo penye uchungu hasa.

Sir Ferdinand Cavendish-Bentinck alijiuzulu uspika, akaongoza Kenya Coalition kupinga mabadiliko hayo. Huko Virginia, Marekani, wapinzani wa shule za mchanganyiko katika wilaya ya Prince Edward walikuwa wamezifunga shule za umma tangu 1959. Wa Kenya walitumia sanduku la kura.

Viti 20 vilitengwa: 10 vya Wazungu, 8 vya Waasia na 2 vya Waarabu. Mgombea alipaswa kwanza kupata angalau robo ya kura za watu wa asili yake, kisha apigiwe kura na wote walioandikishwa, ingawa uandikishaji wenyewe ulikuwa na masharti ya elimu, umri au kipato. Katika duru ya kwanza Bonde la Ufa, Cavendish-Bentinck alimwacha Blundell mbali. Blundell aliivuka robo kwa shida. Katika duru ya pili Waafrika walipiga kura, na mambo yakageuka: Blundell alishinda kwa wingi mkubwa.

KANU ilipata viti 19 na KADU 11, lakini KANU ilikataa kuunda serikali Jomo Kenyatta akiwa kizuizini. Aprili 1961 KADU iliungana na chama cha Blundell. Ngala, mwalimu wa zamani kutoka Kilifi, akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali, na Blundell akashika Wizara ya Kilimo. Cavendish-Bentinck alibaki nje ya Baraza.