Jina la Wote na Jina la Mmoja: Kompyuta Binafsi na Windows

Katika Kiswahili cha Bendera na Kalemie, kama kwingineko mashariki mwa Kongo, mashine ambayo Dar es Salaam huiita kompyuta huitwa ordinatere, kwa kufuata Kifaransa. Neno hilo la Kifaransa lilipendekezwa mwaka 1955 na Jacques Perret, mwalimu wa Kilatini huko Sorbonne, baada ya IBM Ufaransa kutafuta jina la mashine yake. Alitamkaye leo haifikirii IBM hata kidogo. Jina la kampuni moja limekuwa mali ya wote. Kwa upande wa mfumo endeshi, yaani programu inayozisimamia nyingine zote, mambo yalikwenda kinyume: mashine ya wote ilishikwa na jina la mmoja.

Chanzo hakikuwa ubora bali mkataba. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwezi Agosti 1981, sehemu zake nyingi zilikuwa zimenunuliwa kwa watengenezaji wengine, na mfumo wake ulitoka Microsoft, ambayo nayo iliununua kwa kampuni ndogo ya Seattle. Mfumo huo uliuzwa dola 40, ilhali mshindani wake, CP/M-86, uliuzwa dola 240. Bei ilisaidia, lakini jambo zito zaidi ni kwamba Microsoft ilibaki na haki ya kuwauzia wengine. Compaq na wenzake walipoiga mashine ya IBM, walihitaji mfumo uleule ili programu zilezile zifanye kazi. Watunga programu wakawafuata wanunuzi, na wanunuzi wakazifuata programu. Windows 3.0 (1990) na Windows 95 zilirithi umati huo.

Tena, baadhi ya mikataba iliwatoza watengenezaji ada kwa kila mashine waliyoiuza, hata isiyobeba mfumo wa Microsoft. Serikali ya Marekani iliizuia desturi hiyo kwa makubaliano ya mwaka 1994, mazoea yakiwa yamekwisha kuota mizizi.

Kiswahili chenyewe kilikutana na hali hiyo mwaka 2004. Mwezi Juni Microsoft ilitangaza kwamba itatafsiri programu zake kwa Kiswahili. Mwezi Desemba, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukatoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisini. Istilahi zake zilitungwa bila kuomba ruhusa ya kampuni yoyote. Hata hivyo, kando ya toleo la Linux, ilibidi liandaliwe pia toleo la Windows, kwa kuwa huko ndiko makarani na wanafunzi waliokusudiwa walikokuwa tayari.