Choo cha mtoto kinapobadilika: tumuulize kwanza alikula nini



Siku ya kupima kilo, juma lililopita, mmoja wetu alikuja na kitambaa cha mtoto amekifunga ndani ya mfuko. Alitaka tuangalie. Mtoto wake wa miezi saba alikuwa ameanza kula ndizi, na asubuhi ile choo chake kilionekana kina nyuzi ndogo nyeusi, kama minyoo. Nyumbani mama mkwe alikuwa amekwisha kutoa amri: chakula kisimame, na mtoto atiwe maji ya majani kwa nyuma ili tumbo lioshwe. Tukamwuliza mama, jana mtoto alikula nini? Akajibu, ndizi mbivu. Basi, nyuzi zile zilikuwa za ndizi. Ndizi huacha alama hiyo kwa watoto wengi. Mtoto mwenyewe alikuwa mgongoni akicheza na kilemba cha mama yake.

Tulicheka, lakini wakubwa kati yetu hawakucheka sana. Wanamkumbuka mtoto mwingine wa kartiye yetu, ambaye alisimamishiwa chakula kwa sababu ya choo kilichobadilika rangi, akaoshwa tumbo mara tatu kwa siku mbili. Alifika kwenye kituo cha afya macho yameingia ndani. Alipona, Mungu asifiwe, lakini kilo zilizopotea siku zile zilichukua miezi kurudi. Ndiyo maana juma hili tunazungumza juu ya choo bila haya.

Kwa nini choo kinabadilika

Mpaka miezi sita, maziwa ya mama peke yake yanamtosha mtoto, hata maji hayahitaji. Choo chake kinakuwa laini, cha njano, na hakina harufu kali. Mwingine anakwenda choo kila anaponyonya, mwingine anakaa siku kadhaa, na wote wawili ni wazima.

Akifikisha miezi sita, maziwa peke yake hayamtoshi tena, hasa kwa chuma kinachotengeneza damu. Tunaanza kumpa uji, maharagi, samaki, majani. Hapo tumbo linajifunza kazi mpya, na choo kinatuonyesha linavyojifunza. Kinakuwa kizito zaidi na harufu inaongezeka. Lengalenga na sombe hukifanya kijani. Karoti na mawese hukipa rangi ya chungwa. Betirave hukifanya chekundu mpaka mama anadhani ni damu. Dawa ya chuma hukifanya cheusi.

Pia utaona vipande vizima: ganda la haragi, punje ya mahindi, ngozi ya tomate. Mtoto huyu bado hana magego ya kusaga, na maganda hayo ni magumu hata kwa tumbo la mtu mzima. Chakula hakijamkataa. Ponda maharagi vizuri zaidi, toa maganda, uendelee.

Choo kikiwa kigumu

Wengi wetu tunaanza na uji wa unga wa muhogo peke yake, kwa sababu ndio ulio nyumbani. Uji huo unashibisha, lakini ndani yake hakuna karibu chochote cha kujenga mwili, wala cha kulainisha choo. Mtoto anayekula huo kila siku, bila matunda na bila maji, anaweza kufunga choo. Utajua kwa kuona vidonge vikavu kama vya mbuzi, na mtoto analia akivitoa. Mtoto anayekunja uso na kujikaza, halafu anatoa choo laini, hana shida.

Dawa iko sokoni. Papai lililoiva, avoka, boga, maharagi yaliyopondwa na majani yaliyoiva vizuri husaidia. Baada ya miezi sita, mpe maji yaliyochemshwa na kupoa, kidogokidogo kwa kikombe, na aendelee kunyonya. Kipande cha sabuni kisiingizwe nyuma, wala maji ya majani. Utumbo wa mtoto ni laini, unaumia, na majani mengine yanaingia ndani ya damu yakawa sumu. Choo kikikataa kabisa, tumbo likavimba na mtoto akatapika, ni safari ya kituo cha afya.

Kuhara kunatoka wapi

Hapa tunajisemea ukweli. Mara nyingi chakula kipya kinalaumiwa wakati mkosaji ni mkono, maji au saa. Mtoto anaanza kula wakati uleule anaoanza kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, na vijidudu vinapata njia nyingi.

Tuchukue uji wa asubuhi. Mama anapika saa kumi na moja kabla ya kwenda sokoni au shambani, anaufunika, anamwachia mtoto mkubwa amlishe mdogo mchana. Mpaka saa saba, kwa joto la nyumba, vijidudu vimekwisha kuzaana ndani ya sufuria, na kuonja hakutakuonyesha. Uji ukikaa zaidi ya saa mbili bila baridi ni hatari kwa mtoto mdogo.

Tunajua makala ni ghali na bomba linakaa siku bila maji. Kwa hiyo kwenye avenyu moja wamama wanne wa kikundi wamejipanga: kila siku mmoja anabaki nyumbani, wengine wanamwachia unga mkavu ndani ya kopo lenye kifuniko, naye anapika uji mpya mchana kwa watoto wote wanne juu ya moto mmoja. Makala yamepungua kwa kila mmoja. Tunawaomba vikundi vingine vijaribu.

Mengine mnayajua: mikono ya mlishaji na ya mtoto ioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kula, na mikono yetu baada ya choo na baada ya kumsafisha mtoto. Kikombe na kijiko ni bora kuliko biberoni, kwa sababu chuchu yake ni ngumu kusafisha. Muhogo mchungu ulowekwe siku za kutosha, sombe itwangwe na ichemshwe sana, kwa sababu sumu yake hutoka kwa kazi hiyo tu.

Mtoto akihara

Tunaita kuhara wakati choo ni cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku. Maziwa ya mama yasisimame. Chakula pia kisisimame, mpe kidogo kidogo mara nyingi, na akipona mwongeze mlo mmoja kila siku kwa majuma mawili.

Kinachoua ni maji kutoka mwilini. Omba kituo cha afya au reko pakiti za maji ya chumvi na sukari. Ukikosa, chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mtoto wa chini ya miaka miwili anywe robo mpaka nusu ya kikombe baada ya kila choo cha maji, kwa kijiko, polepole. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena. Maji yaliyobaki baada ya siku moja yamwagwe. Muganga atampa na zinki: kuanzia miezi sita ni miligramu 20 kila siku kwa siku 10 mpaka 14. Tusiikate siku ya tatu kwa sababu choo kimekauka.

Kimbia kituo cha afya ukiona damu ndani ya choo, macho yaliyoingia ndani, mtoto asiyekojoa, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye homa kali, au aliyelegea. Choo kikiwa kama maji yaliyooshewa mchele, usingoje asubuhi. Kolera tunaijua huku kwetu.

Tuanze vipi

Leta chakula kipya kimoja, ukae nacho siku mbili tatu kabla ya kuleta kingine. Hivyo vipele vikitoka au mdomo ukivimba, utajua ni nini. Miezi sita, anza na vijiko viwili au vitatu mara mbili au tatu kwa siku, ukiongeza mpaka nusu kikombe. Kutoka miezi tisa, nusu kikombe mara tatu au nne. Baada ya mwaka, robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima, na kitu kidogo katikati: tunda, avoka. Uji usiwe maji. Uchukue kwa kijiko, ukiinamisha usimwagike upesi. Masoso ya mahindi, soya na mtama ni mazuri kuliko muhogo peke yake. Ongeza kijiko cha mawese, na unga wa sambaza au ndagala waliokaushwa na kusagwa. Asali ingoje mpaka mwaka mmoja, maziwa ya ng'ombe pia yasichukue nafasi ya titi kabla ya hapo. Kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili na zaidi.

Kwa nyanya zetu

Hatuandiki haya kuwashitaki mama wakwe. Ndio waliotulea, na usiku mtoto akilia ndio wanaoamka nasi. Lakini mtoto anayenyimwa chakula kila choo kinapobadilika anaishia kwenye bwaki, na kuosha tumbo kunampokonya maji anayoyahitaji. Kwa hiyo mbele ya kitambaa kilichotushtua, tuulizane maswali manne: Jana alikula nini? Anacheza? Anakojoa? Kuna damu? Kama anacheza, anakojoa, hakuna damu na choo si cha maji, mpe chakula chake, umwangalie. Kama jibu moja linatia shaka, mbebe twende kwa muganga.

Juma lijalo siku ya kupima kilo, kila mmoja aje na nyanya wa mtoto. Tutapika uji wa masoso pamoja, na mkanda wa kupima mkono utakuwapo. Yule mama wa ndizi ameahidi kuleta ndizi.