KOLE YA PLEKSI: SOMA ETIKETI, FUNGUA MADIRISHA

Pleksi ni ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo. Tunaiona kwenye vitrini za maduka, vibao na vifuniko vya taa. Ikivunjika, wengi wetu hapa Vulamba wanashuka sokoni Butembo na kununua kole yoyote. Kole si moja. Chagua hivi:

1. Kole nyepesi kama maji. Inayeyusha kingo za pleksi, na vipande viwili vinakuwa kimoja. Ndiyo inayoshika sana, lakini haijazi nafasi: lazima kingo zinyooke na kugusana. Kama kuna nafasi, omba ile nzito.

2. Super glue. Inashika upesi, lakini inaacha ukungu mweupe na inavunjika ikipigwa.

3. Kole ya epoksi, ya tubu mbili za kuchanganya. Inafaa kushikisha pleksi na chuma ao mbao. Kwaruza kwanza kwa msasa.

Kole nyeupe ya mbao haifai. Bidoni ya maji si pleksi. Usipoteze feza yako.

HATARI IKO WAPI?

Kole nyingi za namna ya kwanza zina dikloromethani. Tafuta kwenye etiketi: «dichlorométhane» ao «chlorure de méthylène». Chupa isiyo na etiketi, iache dukani.

Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Unatulia chini, pale mtoto anapolala. Unaleta kizunguzungu na usingizi, na ndani ya chumba kilichofungwa unaweza kuua. Mwilini unageuka monoksidi ya kaboni, sumu ile ile ya mbabula ya makala ndani ya nyumba. Mwaka 2024 Marekani ilikataza kuuzia watu dikloromethani kwa kazi za nyumbani.

Kwa hiyo:
– Fanya kazi inje. Kitambaa puani hakizuii mvuke.
– Usivute sigara karibu.
– Usimimine kole katika chupa ya limonadi, mtoto ataikunywa.
– Mwenye kizunguzungu, mtoe inje upesi, mlete dispanseri.
– Super glue ikiingia jichoni, osha kwa maji ya vuguvugu. Usifungue kope kwa nguvu. Njoo dispanseri.

Na miwani yako ya kazi ikipasuka, usiipake kole. Omba mingine magazani. Jicho halina kole.