Taa za Urembo Kwenye Amplifaya ya Gitaa

Amplifaya ya valvu hutoka kiwandani ikiwa na mwanga wake. Vipasha-moto vilivyomo ndani ya valvu huwaka rangi ya chungwa kwa umeme wa volti 6.3, na kwenye Fender nyingi za miaka ya 1960 umeme huohuo huwasha kijitaa cha mbele, kile chenye kifuniko chekundu kilichochongwa kama kito. Kijitaa hicho hula miliampia 150, ilhali LED moja huridhika na 10. Ndiyo maana wengi wanaotaka kuongeza urembo huamua kuchota umeme hapohapo.

Kwa ukubwa wa mzigo, hawajakosea. Tatizo ni kwamba umeme huo ni wa mkondo geu. LED ikiungwa hivihivi, kila umeme unapogeuka hukandamizwa kinyume na karibu volti 9, na LED nyingi hazikutengenezwa kuhimili zaidi ya 5. Lazima umeme upitie kwanza kwenye daraja la dayodi nne, kisha kapasita iutulize. Kinachobaki ni takriban volti 7.5. LED ya buluu huhitaji kama 3.2, hivyo 4.3 zinazosalia zimezwe na rizista: gawanya kwa ampia 0.01, unapata omu 430. Ya 470, ambayo hupatikana kirahisi zaidi, inafaa pia.

Sasa angalia upande wa hasi. Mkono huzoea kuunga kila waya mweusi kwenye chasisi. Usifanye hivyo hapa. Katika amplifaya nyingi umeme wa vipasha-moto tayari umeshikizwa kwenye chasisi katikati ya transfoma. Ukiunga hasi ya daraja lako hapo, dayodi moja inageuka njia ya mkato na kuungua, ama transfoma inachemka.

Mimi nashauri taa zipewe adapta yake ya volti 12. Utepe wa LED wa volti hizo umepangwa tatutatu, nawe unaukata penye alama. Epuka ule wa kubadili rangi kwa rimoti: hupunguza mwanga kwa kuzima na kuwasha mamia ya mara kwa sekunde, na pikapu za koili moja huunasa mtetemo huo na kuutoa kwenye spika kama mvumo. Utepe wa rangi moja, usio na kidhibiti, hukaa kimya. Waya zake zisokote pamoja na uzipitishe mbali na tundu la kuingizia gitaa.

Kuchomoa plagi hakutoshi kabla ya kufungua chasisi. Kapasita kubwa huweza kubaki na volti 400 na zaidi. Pima kwa mita, na kama hujui kuzitoa chaji, mwachie fundi.

Utepe uweke nyuma ya kitambaa cha spika, pembezoni. Chini ya valvu, ambako wengi hupenda kuuweka, mimi nakataa. Valvu ya nguvu inayopitisha umeme kupita kiasi huanza kuwa nyekundu kwenye bamba lake la chuma, na mwanga wa buluu au mwekundu kutoka chini huficha dalili hiyo. (Ubuluu hafifu unaoonekana kwenye kioo ni wa kawaida.) Ukiuona wekundu wa bamba, zima mara moja na upeleke mashine ikapimwe baiasi kabla transfoma ya kutolea sauti haijaungua.